Uso Wetu, Sauti ya Wengine: Mtoto wa Kilwa Aongoze Filamu Yake

Wiki hii nataka tuongee kuhusu watoto wanaoigiza kwenye filamu zetu na wanakokwenda wakishakua. Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda: mtoto aliyeigiza na anayetaka kuongoza filamu aonyeshwe njia ya kwenda nyuma ya kamera. Sisemi wote, maana si kila anayejua kulia mbele ya kamera ana hamu ya kumwelekeza mwenzake alie. Nasema yule anayetaka. Na nikisema watoto wetu sina maana ya watoto wa Sinza na Mikocheni peke yao. Nina maana ya mtoto wa Kilwa Kivinje, wa Masoko, wa Songo Songo, wa Mchinga na wa Lindi mjini.

Najua kuna msomaji ameshaanza kucheka. "Kaka, huko kusini mpaka juzi barabara yenyewe ilikuwa taabu, wewe unatuletea habari za waongozaji wa filamu?" Ni kweli barabara ilikuwa taabu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wakilala njiani wakisubiri kivuko cha Rufiji, na hata Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara eneo la Somanga tulikumbuka enzi zile. Lakini hebu niambie, ndugu msomaji, ni nani atakayetengeneza filamu kuhusu watu waliolala njiani siku zile? Mtu aliyelala njiani, au mtu aliyeona habari hiyo kwenye runinga akiwa Masaki?

Kilichonisukuma kuandika ni binti mmoja wa Kivinje. Jina lake nalihifadhi kwa sababu bado yuko shule. Alipokuwa na miaka 9 alikuwa akiishi Dar kwa shangazi yake, akapata kipande katika tamthilia moja. Alikuwa mtoto anayetumwa dukani na akirudi anakuta nyumba imejaa watu, mama yake amefariki. Alilia vizuri mno. Mtaa mzima ukawa unamwita kwa jina la kwenye tamthilia, hata mwenye duka alisahau jina lake la kweli. Sasa ana miaka 17 na amerudi kwao. Hivi karibuni akapigiwa simu kwamba kuna nafasi nyingine. Nafasi yenyewe ni ya msichana wa kazi aliyetoka Lindi, mshamba, anayeongea kwa lafudhi ya kuchekesha, na mwishoni inagundulika kwamba ni mchawi.

Yeye anataka kitu kingine kabisa. Anataka kurekodi filamu fupi ya dakika 15 kuhusu bibi yake, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akishuka pwani maji yakipwa kwenda kuchokoa pweza. Akanipigia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za Kivinje?"

"Nzuri. Kaka, hivi nikiikataa hii kazi watanisahau?"

Nilimwambia ukweli kwamba huenda wakamsahau. Halafu nikamwambia kwamba hata akiikubali huenda wakamsahau vilevile, maana ndivyo tunavyowafanyia watoto wa filamu. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Mnawakumbuka Patrick na Jenifa? Kama mlikuwa mnanunua CD za muvi mwaka 2010 hamwezi kuwa mmewasahau. Ni wale watoto wawili walioigiza na marehemu Steven Kanumba katika "Uncle JJ" na "This Is It". Nchi nzima iliwapenda. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, na mwanga ule mkubwa uliokuwa ukiwaangazia wale watoto ukapungua pamoja naye. Sisemi mtu fulani ana hatia. Nasema utaratibu wetu wote ulimtegemea mtu mmoja mwenye moyo na jina. Alipoondoka, hapakuwa na shule, mfuko wala chama kilichosema: hawa watoto wamekaa lokesheni kuliko wanafunzi wengi wa vyuo, tuwaendeleze.

Aliyebaki na akaendelea ni Elizabeth Michael, Lulu. Aliingia Kaole akiwa mtoto mdogo sana, akakua mbele ya macho yetu, na mwaka 2016 filamu yake ya "Mapenzi ya Mungu" ikashinda tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwenye AMVCA kule Lagos. Ni mfano mzuri kwamba mtoto wa kwenye tamthilia anaweza kukua akawa mtu mzima wa sanaa. Lakini mfano wa mtoto aliyekua akakaa kwenye kiti cha mwongozaji, akaamua yeye kamera itazame wapi, kwetu Bongo ni vigumu kumtaja haraka. Jaribu wewe mwenyewe, usishike simu kutafuta.

Wenzetu wanao. Tuanze na wale tunaowajua vizuri kuliko hata wa kwetu, yaani Wahindi. Pwani yote hii kuanzia Lamu mpaka Mikindani imekuzwa na picha la Kihindi. Raj Kapoor alionekana kwenye filamu ya "Inquilab" mwaka 1935 akiwa mtoto wa miaka 10. Hajafika hata miaka 25 akaongoza "Aag", mwaka 1948, na "Awaara" ya 1951 ikamfanya ajulikane dunia nzima. Aamir Khan alikuwa mtoto wa miaka 8 katika "Yaadon Ki Baaraat" ya mwaka 1973. Mwaka 2007 akaongoza "Taare Zameen Par", habari ya mtoto ambaye kila mtu anamwona mjinga kwa sababu herufi zinamchezea machoni. Nilipoiangalia nilijiuliza kama mtu ambaye hajawahi kuwa mtoto mbele ya kamera angejua kumwacha mtoto akae kimya kwa muda mrefu namna ile bila kumlazimisha afanye vituko.

Kule Iran yupo Samira Makhmalbaf. Akiwa mtoto aliigiza katika filamu ya baba yake, na akiwa na miaka 17 akaongoza "The Apple", ambayo ilionyeshwa Cannes mwaka 1998. Ni kisa cha kweli cha mabinti mapacha wa Tehran waliofungiwa ndani na baba yao kwa miaka mingi, na waliocheza ni familia yenyewe. Hakuwa na nyota wala majumba ya kifahari. Alikuwa na kisa kilichotokea mjini kwao na watu waliokubali kukionyesha. Canada wana Sarah Polley, nyota wa tamthilia tangu utotoni, aliyeongoza "Away from Her" mwaka 2006 na mwaka 2023 akapata Oscar ya uandishi kwa "Women Talking". Marekani wana Ron Howard na Jodie Foster.

Na hapa jirani kuna Lupita Nyong'o. Wengi tunamjua kwa ile Oscar ya Machi 2014. Lakini fuatilia njia yake. Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet na kundi la Phoenix Players pale Nairobi. "The Constant Gardener" iliporekodiwa Kenya alifanya kazi nyuma ya kamera, ile kazi ya kukimbizana na vitu na kubeba lawama. Kisha mwaka 2009, miaka mitano kabla ya Oscar, akatoa "In My Genes", filamu ya maisha halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino, aliyoiongoza mwenyewe alipokuwa akisoma Hampshire College. Yaani kabla dunia haijamwona usoni, yeye alishageuza kamera kuwatazama watu ambao jamii yake ilikuwa inawakwepa. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kama ile sanamu ya dhahabu.

Mtoto anayeigiza anapata nini ambacho mwingine hakipati? Anapata saa. Filamu kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Unasubiri taa zipangwe, jenereta litulie, jogoo wa jirani anyamaze, wingu lipite. Mtu mzima akisubiri anachezea simu, lakini mtoto anatazama. Anaona kwamba sini ya dakika moja imerudiwa mara nane na anaona ile ya saba ilikuwa na tofauti gani. Anajifunza kwamba kikombe kilichokuwa mkono wa kulia kikionekana mkono wa kushoto watu watashtuka. Anajifunza kwamba mwongozaji mwenye kelele hapati machozi ya kweli. Binti wa Kivinje aliniambia kwamba siku ile alipolia, mwongozaji alimpigia kelele asubuhi nzima na machozi hayakutoka, mpaka mama mmoja wa mapambo alipomkalisha pembeni akamuuliza habari za bibi yake. Akalia. "Kwa hiyo kaka," akasema, "aliyeniongoza ni yule mama." Mtoto wa miaka 9 alishajua nani alikuwa mwongozaji wa kweli siku hiyo.

Sasa nije kwenye sehemu inayouma. Tumekuwa mbele ya kamera za watu wengine kwa muda mrefu sana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za kuelimisha Waafrika ulioitwa BEKE. Waigizaji walikuwa watu wetu, lakini wa kuamua kisa walikuwa wao. Miaka ya mwanzo ya 1950 ikaja "Muhogo Mchungu" na filamu nyingine zilizotengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini kwa ajili ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Nyota wake alikuwa kijana anayeitwa Rashid Mfaume Kawawa, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Hebu tafakari: mtu mwenye uwezo wa kuongoza nchi, kwenye filamu alikuwa anaelekezwa asimame wapi.

Mnaweza kusema hayo ni ya wakoloni na yamepita. Basi niwape la kwangu. Nilipokuwa na miaka 10 walikuja watu Kilwa Masoko kurekodi filamu ya kuelimisha kuhusu malaria. Hawakuwa wazungu, walikuwa Watanzania wenzetu. Nikachaguliwa kuwa mtoto anayeumwa homa. Nilitetemeka, nikaweweseka, nikamwita mama kwa maneno yetu ya Kilwa kama ninavyomwita kila siku. Nikalipwa soda na fulana. Sikuiona ile filamu mpaka miaka kadhaa baadaye, nikiwa nasubiri zamu katika kituo kimoja cha afya Dar es Salaam, pale ukutani kwenye runinga. Nikauona uso wangu. Lakini iliyotoka mdomoni ilikuwa sauti ya mtoto mwingine, mtoto wa mjini, Kiswahili kimenyooka kama cha mtangazaji wa habari. Kuna mtu aliona lafudhi yetu haifai kusikilizwa na Watanzania. Hakuna aliyeniuliza mimi wala mama yangu.

Nasimulia hili kwa sababu ndilo linaloeleza tofauti ya mwigizaji na mwongozaji kuliko kitabu chochote. Mwigizaji anaazima uso. Uso ukishaazimwa, wengine wanaweza kuuvalisha sauti wanayotaka. Mwongozaji ndiye anayeamua sauti ibaki.

Na ukizungumzia sauti za kusini kwenye filamu, jamani, tumezidi. Mtu wa Lindi na Mtwara akitokea kwenye muvi ya Kibongo mara nyingi ni mlinzi, msichana wa kazi, mganga, au mtu wa kuchekwa namna anavyotamka. Hata neno machinga, ambalo wengi husema asili yake ni Wamachinga wa Lindi, tumelifanya kuwa jina la kila kijana anayekimbizwa na mgambo. Huko ndiko alikozaliwa Ebrahim Hussein, mwandishi wa "Kinjeketile", tamthiliya iliyochapishwa mwaka 1969 ambayo nusu yenu mliisoma sekondari na wengine mkaicheza jukwaani mkiwa mmejifunga kaniki. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 vilianzia kwenye mashamba ya pamba ya ukanda huu huu, na Kivinje ndiko Wajerumani walikonyonga watu. Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331, UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981 na mwaka 2004 ikauingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mpaka mwaka 2014. Mifupa ya mijusi wakubwa kutoka Tendaguru ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na watu wetu mpaka bandari ya Lindi, na leo iko Berlin watu wanalipa kiingilio kuitazama. Je, wale wapagazi walikuwa wanawaza nini njiani? Hicho ni kisa cha filamu kinachosubiri mtu.

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba filamu ya Kilwa lazima iwe ya magofu. Watu wa nje wanakuja kurekodi magofu, wanaondoka. Bibi anayechokoa pweza hawamwoni, kwa sababu hana tarehe wala kibao cha makumbusho. Mjukuu wake anamwona. Anajua saa bamvua inapokuwa kubwa, anajua bibi anaimba nini akiwa peke yake na anajua goti lipi linamuuma. Mwongozaji gani wa kukodi atajua goti?

Sasa tujibu hoja, maana najua zipo. Ya kwanza ni ya wazazi: kuigiza angalau kunalipa, kuongoza filamu huru ni umaskini wa hiari. Jamani, tuambizane ukweli. Kuigiza kwa mtoto kunamlipa nani? Kule Marekani Jackie Coogan, yule mtoto wa "The Kid" ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921, alipata mamilioni ya dola. Alipokua akakuta mama yake na baba yake wa kambo wamezitumia karibu zote. Alikwenda mahakamani mwaka 1938 akaambulia kiasi kidogo, na mwaka 1939 jimbo la California likatunga sheria kwamba sehemu ya mapato ya mtoto msanii iwekwe pembeni mpaka akue. Sisi tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inakataza kazi inayomharibia mtoto afya au masomo, na inataka mtoto anayefanya kazi alipwe kulingana na kazi yake. Ni sheria nzuri. Lakini huioni lokesheni. Huko utaona mjomba aliyemleta mtoto akisaini karatasi juu ya boneti la gari, na mtoto akipewa chipsi. Filamu inaweza kuuzwa miaka kumi, yeye malipo yake yaliishia kwenye ile sahani. Anayemiliki kazi yake, hata kama ni ndogo, anaweza kuiuza tena kesho. Aliyeazima uso hana cha kuuza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na siwezi kuikwepa. Angalia tena ile orodha niliyoitoa. Raj Kapoor alikuwa mtoto wa Prithviraj Kapoor, mwigizaji mkubwa. Aamir Khan ile filamu ya utotoni iliongozwa na ami yake, Nasir Hussain. Samira alikuwa na baba mwongozaji. Baba yake Lupita ni profesa na mwanasiasa. Ron Howard alizaliwa na waigizaji. Karibu kila aliyevuka kutoka mbele kwenda nyuma ya kamera alikuwa na mtu wa kumshika mkono nyumbani kwao. Mtoto wa Kivinje mjomba wake ni nahodha wa jahazi. Ni mjomba mwema sana, lakini hana kamera.

Kwa hiyo swali la kweli si kama mtoto anaweza. Swali ni nani atakuwa mjomba wake. Nadhani tunao wajomba kadhaa, ila wamelala.

Mjomba wa kwanza ni shule. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, mradi wa kuwapa wasichana wa sekondari sanaa za maonyesho waseme wenyewe yanayowakwaza shuleni. Wasichana hao hawakuletewa kisa kutoka wizarani. Walichunguza matatizo yao, wakayatungia mchezo, wakayacheza mbele ya walimu waliokuwa sehemu ya tatizo. Mimi nasema tuchukue mtindo ule ule, tuongeze simu moja yenye kamera nzuri na mwalimu mmoja mwenye subira. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alitoa "Tangerine", filamu nzima iliyorekodiwa kwa simu za iPhone 5S, na majumba ya sinema yakaionyesha. Simu zilizopo Kilwa leo ni bora kuliko zile.

Mjomba wa pili ni halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vijana fungu lao ni asilimia 4. Kilwa inapata ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songo Songo, gesi iliyoanza kwenda Dar mwaka 2004. Tunakopesha vikundi vya bodaboda, na ni sawa. Kwa nini kikundi cha vijana watano wenye mswada wa filamu, kamera ya mtumba na mpango wa kuonyesha kwa kiingilio kionekane cha wahuni?

Mjomba wa tatu ni kibanda cha video. Msikicheke. Kizazi changu kilisomea sinema kwenye vibanda, kwenye mabenchi, tukisikiliza sauti ya Lufufu akitafsiri filamu za Kichina na za Kizungu kwa Kiswahili kitamu kuliko filamu yenyewe. Lufufu alitufundisha jambo kubwa bila kukusudia: kwamba hadithi ya mtu mwingine unaweza kuishika, ukaipa sauti yako, na watu wa kwenu wakalipa kuisikia. Sasa ni zamu ya kuwa na picha pia. Filamu ya bibi wa pweza ikionyeshwa ukutani Kivinje jioni moja, naamini watu watajaa mpaka barazani, kwa sababu kila mtu atataka kuona kama ameonekana.

Wapo na wengine. TaSUBa pale Bagamoyo wanafundisha. Tamasha la ZIFF Zanzibar, lililoanza miaka ya mwisho ya 1990, linapokea filamu fupi. Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab Uganda mwaka 2004 kwa kuamini kwamba tusiposimulia visa vyetu hakuna atakayetusimulia. Pangani, mji mdogo wa pwani kama Kivinje, shirika la UZIKWASA lilitoa filamu ya "Aisha" mwaka 2015, ikiongozwa na Chande Omar. Na Amil Shivji, mwongozaji huru wa nyumbani, aliifikisha "Vuta N'Kuvute" kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, kutoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, kwa Kiswahili cha Unguja bila kukiomba radhi. Watu walisoma tafsiri chini ya picha, wakaelewa. Kwa nini Kiswahili cha Kilwa kionekane hakieleweki Dar es Salaam wakati cha Unguja kimeeleweka Canada?

Hoja ya tatu huwa inatolewa na sisi wenyewe tuliosoma: kuigiza utotoni si shahada, mtoto akasome kwanza. Hapo nakubali kabisa, na mifano iko upande wenu. Jodie Foster alikwenda Yale. Lupita alisomea filamu chuoni. Shule ndiyo inayompa mwongozaji cha kusema, na kamera inampa namna ya kukisema. Ila tusitumie neno shule kumfukuza mtoto kwenye ndoto yake, kama tunavyofanya mara nyingi. "Soma kwanza" iwe na maana ya soma na tutakuwekea nafasi, isiwe na maana ya soma usahau.

Yule binti amewajibu wale watu wa Dar. Hakutukana, aliwaambia tu kwamba msichana wa Lindi ataigiza akiwa mtu, akiwa mchawi hapana. Mswada wake wa bibi nimeusoma. Una makosa ya tahajia na una sini moja ndefu kupita kiasi ya maji yakipwa, na nimemshauri asiikate.

Kwa hiyo naomba nyie mnaosoma hapa, hasa mliotoka kusini na sasa mna kazi nzuri mjini, tusiishie kusikitika. Wengi wenu mna kamera mliyonunua kwa ajili ya harusi moja, sasa imelala kabatini. Mna kompyuta yenye programu ya kuhariri msiyoitumia. Mna jioni moja kwa wiki ya kusoma mswada wa mtoto na kumwandikia kurasa mbili za ushauri wa kweli. Na nyie mnaotengeneza filamu, mkimchukua mtoto aigize, mlipeni kwa maandishi, mwacheni na sauti yake, na siku kazi ikiisha mwiteni mara moja aje aone mnavyokata na kuunga. Haigharimu kitu. Mkeka mmoja chumbani kwa mhariri, mtoto akae, atazame.